Mke Niliyemchagua kwa Miguu

Jumapili, 26 Mei

Ulezi umeanza kuinamisha vichwa. Tangu nitoke kanisani nimekaa nje nautazama mteremko wetu, na ukiutazama kwa muda huoni tena mimea, unaona kitu kimoja kikubwa cha rangi ya kahawia kinachopumua. Mimi ni mtu wa kuota hata nikiwa macho. Marehemu mume wangu alikuwa akipiga makofi mbele ya uso wangu ili nirudi. Sasa hayupo wa kupiga makofi, ndiyo maana naandika.

Naandika pia kwa sababu msimu huu nina hasira, na hasira ukikaa nayo peke yako inakuharibia tumbo. Hasira yenyewe ni Boke, mke wangu.

Asiye wa huku Nyambureti atashangaa bibi kizee kuwa na mke. Sisi Wakurya tunaita nyumba ntobhu. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya huyo aliyeoa. Mimi nilijaliwa mabinti watupu na wote wameolewa mbali. Mume wangu alipofariki nikamuoa Boke, kutoka Genkuru. Ameshanizalia Neema, ambaye siku hizi anakimbiza kuku na kuwapa majina. Baba wa Neema tulimtafuta wenyewe, naye hatuhusu hapa.

Nilimchagua kwa miguu. Nilifika kwao nikamkuta anapandisha maji kutoka mtoni, ndoo kichwani, mashavu ya miguu yamejaa, magumu, kama mihogo iliyokaa ardhini miaka miwili. Kwetu uso wa msichana hutazamwa baadaye. Nikajisemea, huyu atalima mpaka mawe yaombe msamaha. Nikamalizana na baba yake siku hiyohiyo.

Miguu bado ipo, minene vilevile, ila kazi haipo. Anachelewa, anapumzika, anajikwaa pasipo na kisiki. Akikaa chini, kuinuka kwake ni sinema: anapiga magoti, anaweka mikono chini, anashika magoti, kisha mapaja, anajipanda mwenyewe kama mtu anayekwea mti. Na hajafika hata miaka ishirini na mitano.

Jumatano, 29 Mei

Ukungu. Ng'ombe sikuwaona, nilisikia kengele zao tu zikipita.

Ijumaa, 31 Mei

Wegesa, jirani yangu, amepita kutangaza risaga yake. Risaga ni kazi ya pamoja: leo wanawake wote wanakata ulezi kwako, kesho kwa mwingine, mwenye shamba anapika, watu wanakula na kuimba. Haina malipo, ila ina kumbukumbu kali. Usipoleta mkono wako kwa wenzako, siku yako utabaki na shamba lako na ndege. Mkono wa nyumba hii ni Boke. Mimi kama mwenye mke siendi mstarini. Nakaa na wazee, naletewa togwa kwa mikono miwili.

"Boke wako atakuja?" Wegesa aliuliza, macho yanacheka.

"Atakuja. Kwani amekufa?"

"Hajafa, Mama Rhobi. Ila wenzake watakuwa wanakula na yeye yuko katikati ya mstari."

Nimemjibu kwamba mstari wangu ni wangu. Shamba letu ndilo la juu kabisa na refu kabisa, na bila risaga ulezi wote utapukutika chini. Nyumba hii haina kitu kingine cha kula mwakani.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimeaibika, kwenye risaga ya Wegesa.

Ilikuwa asubuhi nzuri, moshi wa majiko umelala bondeni, na wanawake wakiwa kwenye mstari unaona migongo tu na visu vidogo vikimetameta. Nilikuwa kivulini na wazee, nimeshaanza kuelea kama kawaida yangu, niliposikia wimbo umebadilika. Wegesa ndiye anayeanzisha. Waliimba kwamba kuna mnyama ana miguu ya tembo na mwendo wa kinyonga, mwenye mnyama amtunze asije akaota mizizi. Kicheko kikashuka na mteremko mzima. Boke alikuwa nyuma, peke yake, kikapu kichwani, mkono umeshika paja. Hakuinua uso.

Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Huyo ulimpigia hesabu vibaya." Nikaiweka togwa chini.

Nyumbani nikamwambia, "Boke, mwili ni mazoea. Uvivu unatoka kwa jasho kama homa. Kuanzia kesho utashuka mtoni asubuhi na jioni, na ndoo kubwa, siyo ile ya Neema. Siku ya risaga yetu nataka uongoze mstari."

"Sawa, Mama," akasema. Huwa anasema sawa. Nayo inaniudhi.

Ijumaa, 7 Juni

Anashuka, anapanda. Nimemwongezea na mawe ya kuinulia kihenge, anayatoa kule juu shambani anayaleta nyumbani kidogokidogo. Nafurahi kuona jasho.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji Heche amekuja, mdogo wa marehemu. Anatembea na fimbo asiyoihitaji. Amekula ugali wote, akaniuliza habari za ulezi, kisha akafikia lililomleta.

"Shemeji, ng'ombe asiyetoa maziwa haombewi, anarudishwa mnadani. Mrudishe kwao, wakupe ng'ombe wako, uoe mwenye nguvu. Mtoto anabaki, mtoto ni wetu."

"Nipe mpaka mavuno yaishe," nikamwambia.

Sikukataa, na naliandika hivyo lilivyo. Boke alikuwa jikoni na mlango wetu wa jikoni hauzuii neno.

Jumanne, 11 Juni

Nyumbu wamefika upande wa hifadhi, watu wa Ikoma wanasema. Ukitulia, upepo ukitoka huko, unasikia kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Nilisikiliza mpaka uji ukaungua.

Alhamisi, 13 Juni

Boke ameniambia neno la ajabu. Alikuwa amekaa kwenye jiwe njiani, ndoo tupu pembeni, yaani hata maji hajachota.

"Mama, kupanda naweza. Naenda polepole, nafika. Kushuka ndiko kunaniua."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Duniani kote nani anachoka kwa kushuka? Hata jiwe linashuka lenyewe.

"Na maumivu hayaji siku ile," akaendelea, kama hakusikia kicheko. "Yanakuja kesho yake. Nalala mzima, naamka mapaja yamevunjwa."

"Hayo ndiyo mazoezi. Kila mtu akilima sana kesho yake anaumwa. Siku ya tatu anapona."

"Mimi ya tatu sijawahi kuiona," akasema.

Akajipandisha na mikono yake, akaenda. Nimeliandika kwa sababu linanizunguka kichwani kama nzi na sijui kwa nini.

Jumamosi, 15 Juni

Mawingu upande wa ziwa, na huu si msimu wake. Ulezi wetu uko tayari. Kwenye risaga ya pili Boke alikata nusu ya mstari akaomba ruhusa, na Wegesa hakuimba, jambo ambalo ni baya zaidi.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi nimekuta mkojo wa Boke kwenye beseni, hakuwa na nguvu ya kwenda chooni. Una rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha. Nimetuma mtu duka la dawa, wamesema ni malaria, wakatoa vidonge. Amevimeza. Mashavu ya miguu yamekuwa magumu kama mbao, na nikigusa anafumba macho.

Alasiri nilisinzia mlangoni, nikaota anachota maji kwa kikapu. Anapanda, anashuka, njia yote imelowa, na mimi niko juu namhimiza.

Jumatano, 19 Juni, Mugumu

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Jana hakuweza kuinuka kabisa. Hata kule kujipanda kwa mikono kumeshindikana, mikono nayo imekataa. Ramadhan wa bodaboda ametuleta, Boke katikati, mimi nyuma nimemkumbatia nikimshikilia kwa kanga tuliyojifunga pamoja. Tulipofika Morotonga alilaza kichwa nyuma begani kwangu. Sijawahi kumshika hivyo tangu nimuoe. Ni mwepesi. Mtu niliyedhani ni wa chuma ni mwepesi kama mtoto wa shule.

Daktari alipoona mkojo tu akaagiza dripu, moja baada ya nyingine. Anasema misuli imevuja ndani ya damu na uchafu wake unaziba figo, kwamba tungekawia siku chache tungezungumza habari nyingine. Malaria hana.

Kisha akaja kijana mmoja, Felix, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akaamkia, "Shikamoo, mama," akavuta kiti.

"Amefanya kazi gani wiki hizi?"

Nikamwambia. Ndoo, mto, mawe, mstari wa ulezi. Nilipofika kwenye mawe sauti yangu ilianza kupungua yenyewe.

"Nani alimpa hiyo kazi?"

"Mimi. Nilikuwa namfundisha mwili."

Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Nimeona aibu, na sitafuti neno zuri zaidi ya hilo.

Alhamisi, 20 Juni, Mugumu

Mkojo umeanza kuwa mwepesi. Felix amerudi, akakaa baina yetu, na nataka kuandika alivyosema kabla sijaanza kuota kitu kingine.

Alisema msuli umefumwa kwa nyuzi, na kila uzi una ngozi yake nyembamba. Ukifanya kazi nzito ngozi hiyo inachanika kidogo, hata yangu, hata yake yeye. Ndiyo maumivu ya kesho yake. Mwili wangu unashona, na unashona kwa uzi mnene, kwa hiyo narudi na nguvu zaidi. Boke alizaliwa na ngozi dhaifu. Inachanika kwa kazi ambayo mwingine haoni kama ni kazi, na inashonwa vibaya, na ikichanika tena juu ya mshono, mwili unakata tamaa, unajaza mafuta na makovu mahali palipokuwa na nyama.

"Na kushuka?" Boke akauliza. Alikuwa amelala, nikidhani hasikii.

"Kushuka ndiko kubaya kuliko yote. Ukipanda, msuli unavuta ukijikunja. Ukishuka, unavuta huku unarefushwa. Unakuwa breki. Wewe huna breki, dada. Kila hatua ya mteremko inakuchana. Kuteremsha mzigo kichwani pia ni hivyohivyo."

Boke akanigeukia.

Nikauliza lililokuwa linanisumbua. "Na miguu yote hii? Mbona imejaa?"

Felix akaigusa taratibu. "Imejaa kwa kuumia, mama, siyo kwa nguvu. Wengi wenye ugonjwa huu mashavu ya miguu yanakuwa manene. Watu wanawasifia."

Basi ng'ombe wangu walitoka zizini kwa ajili ya jeraha, na mimi ndiye niliyelipiga picha kichwani nikalibeba nyumbani kwa furaha. Jina la ugonjwa aliliandika kwa Kiingereza, refu kuliko jina la kanisa letu. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, unatoka kwenye damu ya wazazi wote wawili. Dawa ya kuuondoa hakuna. Kulala kitandani mwaka mzima nako hakufai. Afanye kazi nyepesi, akae, afanye tena, apumzike wakati bado ana nguvu. Maumivu ya kesho yake yakija, jana alizidisha. Neema watampima damu, na daktari anadhani huenda ameukwepa.

Boke akaanza kulia. Nikadhani anajililia mwenyewe.

"Vincent," akasema. "Mdogo wangu. Ana miguu kama yangu. Baba anamkimbiza kila asubuhi kule Genkuru, anamtwisha viroba vya mchanga ashuke navyo kilima, anasema uvivu utamtoka."

Nilitoka nje nikashika ukuta. Huyo baba na mimi, tulipokaa siku ile kupatana, tulielewana vizuri kweli.

Jumamosi, 22 Juni

Tumempigia baba yake. Alisikiliza, akasema daktari anafundisha watoto uvivu, akakata. Ukipiga tena hapokei.

Jumatano, 26 Juni

Tumerudi nyumbani. Tuliambiwa ale vizuri, anywe maji mengi, asisafiri mpaka daktari amwone tena. Ndege wako kwenye ulezi kama mvua.

Ijumaa, 28 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Boke kwenye kigoda anachambua mboga, Neema anamtajia majina ya kuku. Dunia ilikuwa ndogo, ua wetu tu na weupe pande zote. Ningependa ibaki hivyo, lakini shamba liko pale juu ya ukungu na linapukutika.

Alhamisi, 4 Julai

Leo nilikwenda risaga.

Nilifunga kanga kiunoni, nikachukua kisu cha Boke na kikapu cha Boke. Niliwapita wazee kivulini. Mmoja alisogea kunipa nafasi kwenye benchi nikamshukuru nikaendelea kushuka. Nikaingia mstarini, katikati, mahali ambapo yeye angesimama.

Wimbo ulikufa. Visu vikasimama.

"Mama Rhobi," Wegesa akasema, "umepotea? Wazee wako kule."

"Sijapotea. Boke ni mgonjwa. Mkono wa nyumba yangu ndio huu."

"Mume hakati ulezi na wake za watu."

"Basi leo anakata mjane. Au mjane naye hamtaki?"

Mmoja akacheka kwa kushtuka, halafu wote. Nikainama. Lo! Nilikuwa nimesahau jinsi ulezi unavyokuwa ukiwa ndani yake, harufu ya vumbi tamu, kila suke linakugonga mkono kana kwamba linakujua. Baada ya muda sikujua tena nina miaka mingapi. Nilikuwa msichana, mama yangu yuko mstari wa mbele, hajageuka bado. Kisha mgongo ukanikumbusha.

Wakati wa kula nikawaeleza. Sikujua kusema kama Felix, nilisema nilivyoelewa, mambo ya kushonwa na kuchanika, na breki. Nikasema tulikuwa tunaicheka miguu yenye jeraha, na kwamba mimi nilikuwa nalipiga jeraha fimbo. Wegesa alikuwa na tonge mkononi, akalirudisha kwenye sahani.

"Mimi ndiye nilitunga ule wimbo," akasema.

"Najua. Na mimi ndiye nilimbebesha mawe."

Alinisogezea mchuzi.

Ijumaa, 5 Julai

Mapaja yangu yameamka na moto. Kupanda kwenda shambani naweza. Kushuka nimeshika magoti kila hatua, nikatoa kilio mbele ya mbuzi. Boke alinitazama kutoka kwenye kigoda chake na sura ya mtu aliyezuia kicheko kwa heshima. Nikamwambia acheke tu. Akacheka.

Jumapili, 7 Julai

Nimepona. Siku ya tatu. Nimepanda na kushuka njia ya mtoni bila maumivu yoyote, na badala ya kufurahi nimekaa kwenye lile jiwe lake nikalia.

Jumanne, 9 Julai

Risaga nyingine, nimekwenda. Heche ametuma ujumbe kwamba nimeshusha jina la nyumba.

Jumamosi, 13 Julai

Risaga yetu. Asubuhi mvua ya nje ya msimu ilidondoka kidogo, ikatutisha, ikaacha. Nilisimama juu shambani natazama njia. Kwa muda mrefu ilikuwa njia tupu, nikaanza kuona watu wasiokuwepo, kazi yangu ya siku zote. Ndipo nikaona kanga ya Wegesa, na nyuma yake wengine. Si wote. Wapo waliosema nyumba isiyo na mke mzima haina risaga, na wamebaki kwao. Waliokuja wametosha kwa sehemu kubwa ya shamba. Iliyobaki nitakata mwenyewe na ndege.

Boke alikaa kivulini pembeni ya shamba, walimletea masuke akawa anayachambua kwenye ungo. Nusu saa, anapumzika, tena kidogo. Hakuna aliyemwimba. Jioni Wegesa alimshusha kwa kumshika mkono, wakitembea kwa kukata njia upande upande ili mteremko uwe mdogo. Hilo sikumfundisha mimi.

Jumanne, 16 Julai

Mavuno yameisha na Heche amekuja, fimbo yake na wanaume wawili wa ukoo. Walikaa. Boke akaleta maji ya kunawa, akarudi kukaa kwenye kigoda karibu nami, wala hakwenda jikoni.

"Shemeji, ulisema mpaka mavuno," Heche akaanza. "Sasa tunajua na ugonjwa wenyewe. Baba yake alikuuzia ng'ombe mgonjwa. Sheria iko upande wako."

"Boke siyo ng'ombe. Na kama ni suala la kukaa au kuondoka, nitamuuliza mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Huyu hapa."

Wakacheka, siyo kwa ubaya, walidhani ni utani wangu. Na kweli, nilipogeuka kumtazama ndipo nilipogundua kwamba sijawahi. Nilizungumza na baba yake, nikazungumza na ng'ombe, nikazungumza na miguu. Yeye nilimkuta ameshafungashiwa.

"Boke, unataka kukaa hapa?"

Akamtazama Heche kwanza, kisha mimi.

"Mama, kwanza nataka kwenda Genkuru," akasema. "Vincent hajui. Kila siku inayopita anachanika. Daktari amesema sasa naweza kusafiri. Nitakwenda na Neema, baba akimwona mjukuu atafungua mlango. Hilo lingine nitakujibu nikitoka huko."

Heche akasimama. "Akiondoka na mtoto harudi! Shemeji, usiwe mjinga. Mtoto ndiye kamba. Mtoto akibaki, atarudi hata akiwa anatambaa."

Hapo alisema kweli, na nilijua ni kweli. Nilimtaka Neema kuliko nilivyotaka ulezi, kuliko jina la nyumba. Nilitaka kusema abaki na bibi yake, siku chache tu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Mchukue," nikasema. "Mvalishe sweta, Genkuru kuna baridi asubuhi."

Alhamisi, 18 Julai

Wamekwenda. Ramadhan amewafikisha stendi. Kuku wanamtafuta Neema.

Jumamosi, 20 Julai

Simu ya Boke haipatikani.

Jumatatu, 22 Julai

Ukungu. Nimepika uji mwingi kupita kiasi, kwa mazoea. Nimeumwaga.

Jumatano, 24 Julai

Heche amepita njiani, hakuingia. Aliinua fimbo tu kunisalimia, kama mtu aliyeshinda na ana adabu. Namchukia kidogo. Nachukia zaidi kwamba nilipiga hesabu kama yake, nikaona inatoka vilevile.

Wegesa ameleta viazi, akakaa na mimi. Nikamwambia, akikaa kwao ni haki yake. Akasema, "Haki yake ni haki yake, lakini wewe kula."

Jumamosi, 27 Julai

Mchana huu nilikuwa napepeta ulezi, makapi yanapaa, nyumbu wanakoroma huko kwao, na mimi sijui nilikuwa wapi. Niliona mtoto anapanda njia yetu na sweta. Nikamwacha apande, maana nimeshamwona hivyo mara nyingi wiki hii na kila mara ulikuwa upepo. Huyu alifika, akanivuta kanga.

"Bibi, mama yuko chini barabarani. Anasema uje."

Nilishuka sijui vipi. Boke alikuwa amekaa kwenye shina la mti uliokatwa, mzigo wake miguuni, fimbo mpya ya kutembelea mapajani. Yeye ndiye aliyeanza, "Shikamoo, Mama," kisha akaniambia kwamba baba yake alikataa siku ya kwanza na ya pili, na siku ya tatu Vincent alishindwa kuinuka mezani mbele ya Neema, na Neema akamwambia babu yake jinsi ya kumshika. Viroba vimemwagwa. Jumatatu Vincent anapelekwa hospitali.

Nikakaa kando yake kwenye lile shina. Barabara ilikuwa tupu. Neema alikuwa ameshaanza kuwaita kuku kutoka huko juu, kwa majina.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Bado," akasema. "Ndiyo maana nimekaa."